Msikilizaji Aliyeingia Kitabuni

Hadithi ya Kiswahili, kabla haijalazwa karatasini, haikuanza kwa neno la msimulizi peke yake. Msimulizi alitoa wito, "Paukwa!", naye asiendelee hata waliomzunguka, wakubwa kwa wadogo, wamwitikie "Pakawa!", na walipoitikia kwa ulegevu, kama watu waliokwisha kushikwa na usingizi, aliurudia wito wake mara ya pili na ya tatu, maana hakuwa radhi kumpa hadithi yake mtu asiyeitaka. Ada hiyo, ambayo wengi wetu tunaikumbuka kama mchezo wa watoto wa baada ya chakula cha usiku, ilikuwa kwa hakika mapatano baina ya pande mbili: hadhira ilikiri kwamba yatakayosemwa si habari za kupelekewa kadhi, na msimulizi alikiri kwamba pasipo hadhira yeye hana kitu. Mwishoni mapatano hayo yalifungwa kwa maneno mengine ya desturi, ambayo kwayo msimulizi aliugawa uzuri wa hadithi kwa wote waliohudhuria, na ubaya wake, kama upo, akaubakiza kwake mwenyewe.

Katika insha hii nataka kufuata yaliyompata msikilizaji huyo tangu hadithi zetu zilipoanza kupigwa chapa. Naona kwamba sehemu kubwa ya ufundi tunaousifu katika vitabu vya nathari vya Kiswahili haikubuniwa kwa ajili ya msomaji hata kidogo, bali kwa ajili ya mtu mwenye mdomo, awezaye kudakiza, kucheka, kuimba na kuuliza. Na kwamba waandishi, walipojikuta mbele ya msomaji aliye kimya, kila mmoja alitafuta hila yake ya kumrudisha yule wa kwanza.

Mwaka 1864 alifika Unguja padri wa Kiingereza, Edward Steere, ambaye baadaye alifanywa askofu, na mwaka 1870 alitoa huko London kitabu cha ngano alizozisikia kwa wenyeji, Kiswahili kikiwa ukurasa huu na Kiingereza kikiwa ukurasa wa pili mkabala nacho. Kitabu hicho, Swahili Tales, kina fadhila nyingi, na fadhila kubwa kupita zote ni kwamba mwandishi wake hakuyafyeka yale ambayo mtu wa kalamu angeyahesabu kuwa ni marudio ya bure. Chukua kisa cha Sultani Majnuni. Sultani huyu alikuwa na wana saba, na mdogo wao, akaaye jikoni, hakuhesabiwa kuwa mtu. Ulipozaa mtende wa baba yao, wakubwa sita walipewa zamu ya kuulinda, na kila mmoja akashindwa kwa usingizi, ndege akala tende zote. Bali yule mdogo alikwenda na punje za kutafuna zilizochanganyika na changarawe, ili jino likikwaruza jiwe usingizi umkimbie. Msikilizaji aliyehesabu makosa sita yanayofanana hakuhitaji kuambiwa kwamba wa saba atakuwa mbali na hao. Aliyangoja maarifa yenyewe, na yalipokuja katika umbo la changarawe mdomoni, alifurahi kwa kuwa ni maarifa ambayo hata yeye, maskini wa Mungu, angaliweza kuyafanya.

Halafu huja paka. Sultani anaye paka ampendaye mno, na paka huyo anakula ndama. Watu wanakuja kushtaki, naye Sultani anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi wamwache. Siku nyingine anakula mnyama mwingine, mkubwa kuliko yule wa kwanza, na jibu ni lile lile. Paka anapanda ngazi ya wanyama hata anafika kwa binadamu, hata kwa wana wa Sultani mwenyewe, na sasa haitwi paka, anaitwa Nunda mla watu. Yule kijana wa jikoni anashika njia kumtafuta amwue. Anamwua mbwa, anamburura mpaka kwa mama yake, anaimba wimbo wa ushindi, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba huyo siye. Anarudi mwituni, anamwua mnyama aliye mkubwa zaidi, na mambo ni yale yale. Hivyo hivyo, akipita punda milia na twiga na kifaru, hata anafika kwa ndovu, na mama bado anamwambia kwamba Nunda siye.

Mtu asomaye kisa hiki peke yake chumbani, taa ikiwaka na saa ikienda, akifika kwa mnyama wa tatu huanza kuruka mistari. Simlaumu. Wimbo ule haukuwekwa usomwe; ulikuwa ndio zamu ya hadhira, na mtoto aliyekuwa ameketi kimya tangu kwa mtende alipata hapo nafasi ya kupaza sauti na kumsemea mama wa hadithi. Lakini kuna jambo la pili, lililofichika zaidi. Wasikilizaji, ambao wamemwona Nunda akikua tangu alipokuwa paka wa nyumbani, wanajua wazi kwamba mbwa siye, wala twiga siye. Shujaa ndiye asiyejua. Kila anapokuja na mzoga wake, hadhira inajiona ina elimu kumpita, inamcheka kwa mapenzi, na hapo hapo inamwogopea, kwa kuwa kila ukubwa wa mnyama unavyozidi ndivyo inavyokuwa dhahiri kwamba kijana anaukaribia ule mlango ambao yeye mwenyewe hauoni. Ngano, basi, ilimpa msikilizaji ujuzi kuliko shujaa. Hilo nitakuja kulirejea, maana ndilo lililogeuka sana baadaye.

Hapana budi hapa kusema neno juu ya washairi, ingawa uwanja wao si huu, kwa sababu wao ndio waliotangulia kukutana na shida ya karatasi. Utendi wa Tambuka, ambao Mwengo wa Athumani aliutunga huko Pate mwaka 1728 kueleza vita vya Waislamu na Herekali mfalme wa Rumi, ni kazi ya mtu wa kalamu, nao umeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Walakini umepimwa kwa sikio: vipande vinne katika kila ubeti, mizani nane katika kila kipande, vitatu vikifanana kwa kina, na cha nne kikirudi daima kwenye kina kimoja kinachoufunga utendi tangu mwanzo hata mwisho. Sikio likisha kuzoea mwendo huo hutangulia mbele ya maneno. Hujua sauti itakayofunga ubeti kabla hujajua maana itakayokuja nayo, na katika kungojea maana ndiyo raha yenyewe. Washairi wa tenzi walikuwa pia na ada ya kuanza, baada ya kulitaja jina la Mungu, kwa kuagiza wino na karatasi, kana kwamba yupo mtumishi mlangoni. Hila ndogo hiyo, ambayo wengine huiona kuwa mapambo tu, humweka msomaji wa miaka 200 baadaye ndani ya chumba ambamo kazi haijaandikwa bado.

Mwana Kupona binti Mshamu aliipeleka hila hiyo mbali zaidi. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa wa maradhi ambayo hakutumai kupona, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia, na utendi huo unaanza kwa kumwita mtoto asogee karibu. Basi yeyote ausomaye, awe mzee mwenye mvi au mwanafunzi wa kiume aliyelazimishwa na mtihani, anajikuta ameketi mahali pa binti, akiambiwa mambo ya nyumbani na ya ndoa ambayo hakukusudiwa kuyasikia. Sijui ushairi wetu mwingine unaompa msomaji haya ya namna hiyo, haya ya mtu aliyeingia chumbani kwa wenyewe akakosa njia ya kutokea.

Nathari ilichelewa. Ilipokuja, ilikuja kwa mlango wa tafsiri na wa skuli. Kabla na baada ya kuundwa mwaka 1930 kwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, ambayo katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, vilitolewa kwa Kiswahili vitabu kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, vyote viwili vya mwaka 1929, pamoja na masimulizi ya Alfu Lela U Lela. Wahakiki wengi wameshughulika na Kiswahili cha tafsiri hizo, kama ni safi au kimechujwa kupita kiasi. Mimi nashughulika na kitu kidogo zaidi, nacho ni mwisho wa sura. Riwaya ya Kizungu ya safari na hatari haina mtu wa kuitikia, basi hukata maneno pale ambapo kamba inakaribia kukatika au mlango unakaribia kufunguliwa, na weupe wa karatasi ulio chini ya sura ndio unaofanya kazi ya yule jirani aliyekuwa akiuliza, "Ikawaje?" Kijana wa skuli aliyekulia katika ngano alifundishwa na vitabu hivyo kujiuliza mwenyewe swali ambalo zamani aliwauliza wengine. Badiliko hilo halikupigiwa ngoma, lakini nadhani halikuwa dogo.

Alfu Lela ilifundisha kinyume chake. Huko kila hadithi ina msikilizaji wake ndani, mfalme au khalifa au jini, na uhai wa msimulizi hutegemea masikio ya huyo. Mwanafunzi aliyelisoma somo hilo vizuri kuliko wote alikuwa Shaaban Robert wa Tanga.

Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kimejengwa juu ya kisa cha Alfu Lela ambacho wajuzi wanakitambua mara moja: Harun Rashidi anampeleka mjumbe Basra kudai kodi, na mjumbe anamwona usiku gavana wa mji, Abdalla bin Fadhil, akiwapiga mbwa wawili kwa mjeledi, kisha akiwabembeleza. Kwa Shaaban Robert khalifa amekuwa Rai, mfalme wa Ughaibu. Mjumbe ni Ikibali. Gavana ni Adili, liwali wa Janibu. Na mbwa wamekuwa nyani.

Tulitazame kwa karibu lile tendo la usiku. Ikibali ni mgeni aliyepokewa kwa heshima na ukarimu, na mchana kutwa hakuona kwa mwenyeji wake ila adabu na huruma. Usiku anamwona mtu yule yule, aliyemkirimu, akiwashika nyani wawili na kuwapiga pigo juu ya pigo. Kisha mpigaji mwenyewe anaangusha kiboko, analia, na kuwafuta machozi aliowapiga. Mwandishi haelezi kitu. Anatupa tendo bila sababu yake, na tendo lenyewe lina nyuso mbili zisizopatana, ukatili na mapenzi katika mkono mmoja, hata akili ya msomaji inakataa kutulia. Naona pia kwamba kuwabadili mbwa kuwa nyani hakukuwa jambo la kubahatisha. Mbwa apigwaye tumemwona mara nyingi, na wengi hatugeuzi hata shingo. Nyani ana uso na ana mikono, akilia hulia kama mtu, na huruma yetu huamka kabla hatujajua kwamba kweli hao walikuwa watu. Mbinu imetangulia habari.

Sababu inakuja baadaye, Adili anapoitwa mbele ya Rai na kuamriwa aeleze. Hapa msikilizaji wa kale amerudi, amevaa taji: mfalme anauliza kile ambacho sisi tulikuwa tukikiuliza, na Adili anasimulia maisha yake, ndugu zake, mali aliyowapa, na mabaya waliyomlipa. Ndugu hao wanaitwa Hasidi na Mwivu. Wapo wasomaji wanaomlaumu Shaaban Robert kwa majina kama hayo, wakisema kwamba ameiua shauku, maana mtu akisha kuitwa Hasidi kuna nini tena cha kungojea? Lawama hiyo ina haki kwa upande mmoja, na mimi mwenyewe katika baadhi ya vitabu vyake huchoshwa na wema walioandikiwa wema wao juu ya paji la uso. Lakini katika kitabu hiki majina yanafanya kazi ile ile ya paka aliyekuwa Nunda. Sisi tunajua, Adili hajui. Kila anapowasamehe nduguze na kuwafungulia tena mkoba wake, tunataka kumshika mkono, nasi hatuwezi, na kutoweza huko ndiko kunakotufanya tusome.

Kusadikika, kilichotangulia kwa mwaka mmoja, kimechukua njia nyingine. Ni nchi inayoelea angani, na Karama, kijana aliyetaka kufundisha elimu ya sheria, ameshtakiwa na waziri Majivuno mbele ya mfalme. Hakanushi. Anasimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, kuitafutia nchi manufaa, nao kila mmoja aliporudi malipo yake yakawa kifungo. Kwa kipimo cha vitendo, katika kitabu hiki halitokei jambo kubwa: mtu mmoja anasema, wengine wanasikiliza. Mabadiliko yote hutokea katika masikio ya baraza. Karama anaonewa mwanzoni na wote, na hatimaye mfalme anamwachia huru, na wajumbe wanafunguliwa; na kilichoyaleta hayo hakikuwa upanga wala fitina, ni hadithi sita zilizosikilizwa mpaka mwisho. Tukumbuke kwamba mwandishi alikuwa karani wa serikali ya Kiingereza, na kwamba nchi inayoning'inia hewani haina mwenyewe wa kuja kudai kwamba ametukanwa. Msomaji wa 1951 aliyejua kusoma baina ya mistari alikuwa na baraza mbili mbele yake, moja ya Kusadikika na nyingine ya karibu zaidi.

Nina dosari moja ya kuitaja. Wasikilizaji wa Shaaban Robert wana adabu kupita kiasi; hakuna hata mmoja anayepiga mwayo, wala bibi mmoja nyuma anayesema, "Hapo umeongopa." Watu wa ngano za Unguja hawakuwa hivyo.

Aliyewarudisha watu hao na vishindo vyao alikuwa Mwunguja, Muhammad Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliyefanya kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuingia katika magazeti. Kisa chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, na kikatoka kitabu mwaka 1960. Bwana Ali bin Said ameonekana amekufa mzimuni, na uvumi umeenea kabla ya polisi kufika. Ndipo anapotokea Bwana Msa na kiko chake mdomoni, na rafiki yake Najum akimfuata. Ni kweli kwamba Bwana Msa ni ndugu wa Sherlock Holmes, na hakuna aliyewahi kulificha hilo. Lakini Najum, hata akiwa ndugu wa Watson, ni mtu wa barazani kabisa. Anauliza, anakisia, anakisia vibaya, anaona ajabu, anataka aambiwe sasa hivi, naye Bwana Msa anavuta kiko na kumwambia angoje.

Hapo ndipo mizani ya kale ilipopinduka. Katika kisa cha Nunda hadhira ilimpita shujaa kwa ujuzi; kwa Bwana Msa shujaa ameiona alama ile ile tuliyoiona sisi, kiatu au kijikaratasi au neno lililomponyoka mtu, naye ameifahamu na sisi hatukuifahamu. Msikilizaji wa ngano alicheka kwa kumhurumia mtu aliye mbele yake; msomaji wa Bwana Msa hujicheka mwenyewe, pamoja na Najum, pale mwisho watu wanapokusanyika na mambo kufunuliwa moja baada ya moja. Kukusanyika huko kwa mwisho hakukulazimishwa na upelelezi, kwani muuaji angeweza kutiwa mikononi mwa polisi kimyakimya. Abdulla alikutaka, naona, kwa sababu ndipo pahali pa kuuliza "Kwa nini?" na "Ulijuaje?" kwa sauti, na mazungumzo yake, yaliyojaa mzaha na kauli za mjini Unguja, hayapati joto mahali popote kama hapo.

Kizazi kilichofuata kiliona vingine. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Kichwamaji mwaka 1974, kikisimuliwa kwa "mimi" na Kazimoto, kijana wa Chuo Kikuu. Na Kazimoto huyo mwishoni anajiua. Jambo hili lina ugumu ambao fundi wa ngano asingalikubali kuubeba: anayesimulia hayupo tena, na ndani ya kitabu hamna mfalme, wala Najum, wala binti aliyeitwa asogee. Nani, basi, aliyekuwa akiambiwa? Wapo wanaoliona hilo kuwa kosa la ujenzi. Mimi siliafiki, kwa sababu upweke wa Kazimoto, mtu aliyesoma mpaka akakosa wa kusema naye nyumbani, usingalisadikika kama angalipewa msikilizaji mwema wa kumwitikia. Ukimya ule msomaji anaukuta kwanza katika umbo la kitabu, ndipo baadaye anauona katika maisha ya mtu. Na katika Nagona, cha mwaka 1990, Kezilahabi alizidi kwenda mbali: "mimi" wa humo ndiye anayezunguka akiuliza, na wale anaowauliza humjibu kwa mafumbo, hata imekuwa msimulizi amejifanya msikilizaji, na msomaji hana wa kumwuliza ila yeye asiyejua.